Mikono Iliyozoea Hatamu

Kila asubuhi kazi ya Solongo ilikuwa ileile. Aliamka jua likichungulia nyikani, akajitwika kikapu mgongoni na kwenda kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto. Akirudi aliwasha jiko la bati lililokuwa katikati ya hema la sufi, akabandika maziwa, majani ya chai na chumvi. Mama yake, Dolgor, alichota upawa wa kwanza wa chai hiyo, akatoka nje na kuirushia mbingu kama sadaka. Hapo ndipo watu walipokunywa.

Asubuhi ya tarehe kumi Agosti, baba yake, Yadam, alimaliza bakuli mbili za chai. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa juu ya sanduku, umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Aliuvunja mwezi uliopita aliporuka kutoka kwenye lori la majani. Daktari alimwambia wiki kumi. Yadam aliwahi kuwa fundi wa pampu za visima kwa miaka kumi na mmoja, na hadi leo alipenda kuhesabu kabla ya kuamua.

"Leo tarehe kumi," alisema. "Majirani wanahama tarehe kumi na saba. Mjomba wako anafika ishirini na tisa. Hapo katikati kuna siku kumi na mbili. Nani atawaangalia farasi?"

"Msinitazame mimi," alisema mama. "Nina mbuzi sitini na wawili wa kukamua, asubuhi na jioni."

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Baridi ya mwaka uliopita iliua zaidi ya nusu ya farasi wao. Waliobaki nyikani walikuwa kumi na saba, pamoja na mwana-farasi wa jike mweusi, wakijilisha huru karibu na chemchemi iliyokuwa kilomita kumi na moja kutoka hemani. Ilibidi mtu awatazame kila baada ya siku moja. Wakivuka safu ya vilima iliyoitwa Mgongo Mweusi, wangeingia nchi yenye mbwa mwitu wengi, na huenda wasingepatikana mpaka theluji ianguke. Bila farasi hao familia isingeweza kuchunga mifugo wakati wa baridi. Mpaka sasa Bilguun, kijana wa jirani mwenye miaka kumi na sita, ndiye aliyekuwa akiwatazama kwa pikipiki yake.

Hemani palibaki farasi mmoja tu, wa kijivu, aliyehasiwa, aliyefungwa karibu ili anenepe. Mbavu zake bado zilihesabika kwa mbali. Yadam alikwisha kusema kwamba farasi huyo asitandikwe kabla ya Oktoba, kwani akichoshwa sasa hatafika majira ya kuchipua.

"Basi ni mimi," alisema Solongo.

"Ni wewe. Kwa pikipiki."

Solongo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alipanda farasi tangu akiwa na miaka minne. Alipofika minane alishindana mbio za kilomita kumi na nane, akawa wa nne kati ya watoto tisini na watatu. Farasi hakuwahi kumtisha. Pikipiki ilimtisha. Farasi akitaka kuruka, masikio yake hutangulia kusema. Pikipiki haina masikio. Lakini hakuna aliyemuuliza kama anaogopa, na yeye hakusema.

Somo la kwanza lilianza baada ya mbuzi kukamuliwa. Pikipiki ya baba ilikuwa nyekundu, ya zamani, na juu ya kiti chake palifungwa zulia dogo. Yadam aliketi kwenye kigoda, magongo yake yamelazwa pembeni. Alimvalisha Solongo helmeti yake mwenyewe, akaijaza vipande vya sufi mpaka ikakaa bila kucheza.

"Mkono wa kushoto ni klachi. Mguu wa kushoto ni gia. Mkono wa kulia ni mafuta: ukizungusha mshiko kuja kwako, inakimbia, ukiuachia, unarudi wenyewe. Breki hii hapa ya mkono, na ile ya mguu. Rudia."

Solongo alirudia mara tatu bila kukosea.

Bilguun alikuwa amefika kuwapa habari za farasi, akakaa chini kutafuta burudani. "Mdogo wangu, usisahau kumpiga visigino!" alipiga kelele. "Na akigoma, mpe nyasi!"

"Kaka Bilguun, kama huna kazi, mama ana mbuzi."

Solongo alipiga kiki, injini ikawaka. Alibana klachi, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi polepole kama alivyofundishwa. Pikipiki ikasogea. Ikaenda hatua ishirini, thelathini, vizuri kabisa. Ndipo mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika alipojitokeza nyuma ya mkokoteni na kusimama mbele yake.

Solongo alishtuka. Mikono yake yote miwili ikavuta kwa nguvu kuelekea kifuani, kama inavyovuta hatamu. Mshiko wa mafuta ukazunguka hadi mwisho. Injini ikanguruma, pikipiki ikaruka mbele, mbuzi akakimbia, na Solongo akaingia moja kwa moja kwenye kichanja ambapo mama alikuwa ameanika jibini. Kichanja kikaanguka. Yeye na pikipiki wakaanguka juu yake.

Kisha mbuzi wakaja kula jibini, na Bilguun akacheka mpaka akalala chali.

"Umeumia?" aliuliza baba.

"Hapana."

"Kilitokea nini?"

Solongo aliinuka, akajipangusa. Alijua kilichotokea. Alikuwa ameihisi mikono yake ikivuta. Lakini Bilguun alikuwa akifuta machozi ya kicheko, na kabla ya wiki kwisha bonde zima lingejua kwamba yule binti wa nafasi ya nne alishindwa na mbuzi.

"Mshiko ulikwama," alisema. "Niliuachia, haukurudi."

Yadam alimtazama. "Mikono yako ilikuwa imelegea, au ilivuta?"

"Ilikuwa imelegea, Baba."

"Sawa," alisema baba, akaomba aletewe sanduku la spana.

Alifanya kazi mpaka jioni. Alifungua mshiko wa mafuta, akachomoa waya unaotoka hapo hadi kwenye kabureta, akauosha kwa petroli, akaupaka oili, akaurudisha. Aliujaribu mara nyingi akiwa amekaa. Kila mara mshiko ulirudi. "Siuoni ugonjwa," alisema, "lakini mimi sikuwa juu yake."

Kesho yake Solongo alijaribu tena. Alizunguka hema mara mbili. Mara ya tatu gurudumu la mbele liligonga jiwe, akashtuka, mikono ikavuta, na pikipiki ikamchukua mpaka kwenye rundo la samadi. Rundo lilikuwa laini, hakuumia. Baba alipouliza, alijibu yaleyale. Safari hii ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa jibu lilikuwa tayari.

"Basi waya umechakaa ndani, pasipoonekana," alisema Yadam. "Tununue mwingine."

Makao ya wilaya yalikuwa umbali wa kilomita hamsini na mbili. Bilguun alikubali kwenda. Alikwenda tarehe kumi na mbili, akalala kwa shangazi yake, akarudi kumi na tatu na waya uliokuwa mfupi kwa upana wa vidole vinne. Tarehe kumi na nne akaenda tena, kumi na tano akarudi na waya unaofaa. Siku hizo zote nne hakuna aliyekwenda kwenye chemchemi.

Waya mpya ulifungwa alasiri hiyohiyo. Solongo alipanda akiwa ameuma meno. Alijiambia kwamba safari hii hataogopa. Lakini mbwa alipobweka ghafla upande wake wa kulia, mikono haikumuuliza. Ilivuta. Alianguka kwenye majani, na kioo cha pembeni kikavunjika.

Hakungoja kuulizwa. "Bado unakwama," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Tarehe kumi na sita, saa sita mchana, Bilguun alirudi kutoka kwenye chemchemi. Hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Mzee Yadam, hawapo," alisema. "Hakuna hata mmoja. Nyayo zinaelekea Mgongo Mweusi. Ni za siku mbili, labda tatu."

"Huwezi kuwafuata?"

"Petroli imebaki ya kunifikisha nyumbani tu. Nimeimaliza kwenye safari za mjini. Na leo tunafungua mahema, alfajiri tunaondoka. Baba atanichuna ngozi."

Yadam alitazama upande wa vilima. Kisha akageuka kwa mkewe.

"Lete tandiko langu. Kesho alfajiri Solongo atamtandika yule wa kijivu."

"Yule wa kijivu?" Mama aliweka ndoo chini. "Yadam, huko na kurudi ni kilomita hamsini. Atafika huko, sawa. Kurudi je?"

"Najua."

"Akirudi akiwa hai, hataiona theluji ya pili."

"Najua, Dolgor. Nimehesabu. Farasi mmoja kwa kumi na saba. Siwezi kumpandisha mtoto wangu kwenye mashine inayokwama mafuta. Waya mpya, na bado inakwama. Maana yake kuna ugonjwa nisioujua, na mashine yenye ugonjwa nisioujua haibebi mtu."

Mama aliingia hemani kuchukua tandiko. Solongo alitazama farasi wa kijivu. Alikuwa akila majani mafupi, akinyanyua kichwa kila alipomeza, nyonga zake zimechongoka. Hakukuwa na mtu aliyekuwa akimcheka Solongo sasa. Hakuna aliyekuwa hata akimtazama. Ingewezekana kabisa kunyamaza.

"Baba," alisema. "Waya haukukwama."

Yadam aligeuza kichwa.

"Haukukwama hata mara moja. Ni mimi. Nikiogopa, mikono yangu inavuta. Tangu siku ya kwanza."

Bilguun alifungua mdomo. Yadam aliinua kidole, na mdomo ukafungwa.

"Niliuliza kama mikono ilivuta," alisema baba. Hakupaza sauti. "Ulisema imelegea."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Na baada ya hapo niliona haya kusema kwamba nilidanganya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na tandiko mikononi. Baba alivuta pumzi, akaitoa. Solongo alingoja karipio. Halikuja, ilikuja amri.

"Nionyeshe. Kaa pale kwenye pikipiki, injini imezimwa. Fumba macho. Bilguun, ukitaka kupiga kelele, sasa ndio wakati."

Solongo akafumba macho. Bilguun alinyata nyuma yake na kugonga ndoo kwa spana. Mikono ya Solongo ikavuta kuja kifuani, viwiko vikarudi nyuma, mgongo ukanyooka. Alipofumbua macho, baba yake alikuwa akitikisa kichwa taratibu.

"Hiyo ni hatamu," alisema. "Miaka tisa mikono hii imejifunza kwamba kusimama ni kuvuta. Hapa kuvuta ni kukimbia. Mashine haina kosa, na mikono haina kosa. Haijafundishwa tu. Ungeniambia tarehe kumi, tungeanza tarehe kumi."

"Na wewe, Yadam, usijifanye hujui habari hiyo," alisema mama. "Solongo, muulize baba yako alivyokuja kuniposa. Alikuja kwa pikipiki ya kaka yake, amevaa joho jipya la hariri. Alipofika mlangoni kwetu akataka kuisimamisha kama farasi. Akavuta! Akaingia mpaka ndani ya pipa la maziwa la mama yangu. Akatoka mweupe toka unyweleni hadi ukuchani."

"Lilikuwa nusu pipa," alisema Yadam.

"Nusu ndiyo iliyobaki. Nusu nyingine ilikuwa kwenye joho."

Bilguun hakuweza kujizuia tena. Hata Solongo alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu aliona baba bado hajacheka.

"Ndiyo maana niliuliza habari za mikono kwanza kabla ya waya," alisema Yadam. "Dolgor, rudisha tandiko. Jua litazama saa mbili usiku. Tuna saa nane. Hatuwashi injini leo."

Pikipiki ilisimamishwa kwa stendi. Baba alikaa mbele yake na fimbo. Kanuni zilikuwa tatu: akisikia neno lolote, kiganja cha kulia kifunguke, cha kushoto kibane klachi, mguu ukanyage breki. Viwiko visirudi nyuma hata kidogo.

"Jiwe!" alipaza sauti Yadam.

Mikono ikavuta.

"Kosa. Mbwa!"

Ikavuta tena.

"Kosa. Jiwe! Mbuzi! Shimo!"

Katika majaribio hamsini ya kwanza alikosea thelathini na moja. Baba alichora mistari kwenye vumbi, makosa upande mmoja, yaliyo sawa upande mwingine. Hamsini ya pili, makosa kumi na tisa. Kisha Bilguun, ambaye alipaswa kuwa kwao akikunja mahema, akajitolea kutupa vitu. Alimtupia mbele ya gurudumu kiatu kikuukuu, kipande cha sufi, kikapu, na mwishowe akajitupa mwenyewe.

"Mimi ni mbwa mwitu mzee! Nimekuja kumla binti wa nafasi ya nne!"

Kiganja cha kulia kikafunguka. Cha kushoto kikabana. Mguu ukakanyaga.

"Umenusurika, mbwa mwitu," alisema Solongo. "Sasa nenda kakunje hema, baba yako ameshaita mara tatu."

Bilguun aliinuka, akajikung'uta. "Mdogo wangu," alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida, "nimekwenda mjini mara mbili kwa ajili ya waya mzima."

"Najua. Nisamehe, kaka."

"Ungesema tu. Ningecheka siku moja, ningechoka." Akaondoka.

Mama alimwita kula, akala akiwa amesimama. Alipokuwa akibeba maji, baba alipaza sauti kutoka kigodani, "Shimo!" na Solongo akaachia ndoo zote mbili. Maji yakamwagika. "Vizuri," alisema Yadam. Mama hakuona uzuri wowote. Jua lilipozama, hamsini ya mwisho ilikuwa na makosa mawili.

"Mawili ni mengi," alisema baba. "Lakini si thelathini na moja."

Asubuhi ya tarehe kumi na saba, magari ya jirani yalipokuwa yakipotea kwenye vumbi, injini iliwashwa. Gia ya kwanza tu. Solongo alizunguka hema mara kumi, na kila mzunguko mama, akitoka kukamua, alirusha kikapu mbele yake bila taarifa. Mara kumi pikipiki ilisimama. Mara mbili injini ilizimika kwa sababu alichelewa kubana klachi. "Kuzimika si hatari," alisema baba. "Endelea." Kisha gia ya pili, kwenye uwanda, kwenda na kurudi, mpaka saa tano.

Yadam alimpa darubini na masharti. Asipite gia ya pili. Kabla ya kila kilele asimame, azime, apande kwa miguu na kutazama ng'ambo. Asiwafukuze farasi kwa kelele. Awazunguke kwa mbali na kuwasogeza. Saa kumi alasiri ageuke, awe amewaona au hajawaona.

"Ukiogopa?" aliuliza.

"Nifungue mkono."

"Nenda."

Mama alirusha maziwa nyuma ya gurudumu, kuibariki safari.

Kilomita kumi na moja za kwanza zilimchukua karibu saa nzima. Mikono ilimwuma kwa kuishika mishikio, naye akaikumbusha kulegea, akaikumbusha tena. Kwenye chemchemi palikuwa na samadi kavu tu. Alifuata nyayo. Chini ya Mgongo Mweusi alizima injini, akapanda kilele kwa miguu, akaweka darubini machoni. Hakuna kitu. Akarudi, akapiga kiki, akavuka safu kwa gia ya kwanza, akasimama kwenye kilele kilichofuata. Hapo akawaona, mbali, kama mbegu nyeusi zilizomwagika kwenye zulia.

Aliwahesabu mara mbili. Kumi na sita.

Alishuka akizunguka kushoto ili awe nyuma yao, na macho yake yalikuwa kwa farasi, si chini. Korongo lililochimbwa na maji ya mvua lilifunguka mbele yake bila dalili, lenye kina cha mtu mzima. Alihisi viwiko vyake vikianza kurudi nyuma. Alihisi mshiko ukianza kuzunguka. Kisha kiganja kikafunguka.

Injini ilizimika. Gurudumu la mbele lilisimama kama shubiri mbili kutoka ukingoni. Kokoto chache zikaporomoka chini, akazisikia zikifika.

Alikaa hapo juu ya pikipiki, miguu miwili chini. Alihesabu mpaka mia moja. Kisha akashuka, akairudisha nyuma kwa kuisukuma, akapiga kiki mara saba mpaka ikawaka. Alilizunguka korongo kwa mbali, macho chini.

Kuwarudisha kulichukua saa tatu. Dume la kundi lilikataa mara mbili, likageuka na kumtazama. Solongo hakulikimbilia. Alisimama, akangoja, akasogea kidogo, akangoja tena, kama alivyoona wakubwa wakifanya wakiwa juu ya farasi. Mwishowe dume likashusha kichwa na kuongoza njia. Njiani kuelekea safu ya vilima, kwenye bonde dogo, alikuta alichokuwa ameogopa kukikuta: mifupa midogo, kwato ndogo, nywele nyeusi za shingoni. Farasi jike mweusi alipita pale bila kusimama. Solongo alisimama, akatazama vizuri ili awe na hakika, kisha akaendelea.

Aliwaacha kwenye chemchemi wakinywa. Alifika hemani saa moja jioni, jua bado liko juu kidogo ya nyika. Yadam alikuwa nje amesimama kwa magongo yake.

"Wangapi?"

"Kumi na sita. Wako kwenye chemchemi. Mwana-farasi wa yule jike mweusi hayupo. Nimeona mifupa. Mbwa mwitu."

Baba alitikisa kichwa. "Mikono?"

"Ilivuta mara moja, kwenye korongo. Ilianza tu, ikaacha." Solongo alifikiri. "Hapana. Mara mbili. Nilipoona mifupa pia, lakini nilikuwa polepole sana, haikuleta kitu."

Alivua helmeti. Nywele zilikuwa zimeganda kwa jasho. "Baba, yule mtoto amekufa kwa sababu yangu?"

Mama alitaka kusema kitu. Yadam alimzuia kwa macho, akaketi kigodani taratibu, akanyoosha mguu wenye plasta.

"Sijui," alisema. "Wewe pia hujui. Huenda mbwa mwitu angemla hata kama tungekuwa tunatazama kila siku. Ninachojua ni hiki: siku nne hakuna mtu aliyetazama. Siku hizo Bilguun alikuwa barabarani akitafuta waya, na mimi nilikuwa nimekaa hapa na spana natengeneza kitu kizima. Hizo siku nne ni zako. Zibebe kama siku nne, usizipunguze na usiziongeze."

Machozi yalimtoka Solongo, akayaacha yatoke.

"Woga si aibu, binti yangu," aliendelea baba. "Mtu anayejifunza lazima aogope, na lazima akosee. Kosa likisemwa lilivyo, linatengenezeka. Lako tulilipunguza kutoka thelathini na moja hadi mawili kwa nusu siku, bila hata tone la petroli. Lakini ukinionyesha kosa mahali ambapo halipo, nitachimba hapo mpaka nizeeke, na lile la kweli litabaki palepale likikungoja kwenye korongo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Leo nimekuuliza mikono ilivuta mara ngapi. Umesema moja, ukajisahihisha ukasema mbili. Hapo ndipo nimejua kwamba naweza kukutuma tena." Akachukua fimbo yake chini. "Keshokutwa utarudi kwenye chemchemi. Leo umechoka, lakini mara mbili ni mbili. Panda hapo, usiwashe injini. Hamsini, kisha ule."

Solongo alijipangusa uso kwa mkono wa joho, akavaa tena helmeti, akapanda na kushika mishikio kwa viganja vilivyolegea.

"Niko tayari," alisema.

"Mbuzi!" alipaza sauti baba yake.

Mkono wa kulia ukafunguka.